Jiwe Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mawe matano yamefika, kila moja kwenye kichupa chake. Mtihani wa kamati ya chombo cha anga: tuseme lipi lina mabaki ya uhai na lipi halina. Tukipatia, mashine yetu inasafiri. Tukikosea, miaka sita imekwenda na maji. Bosi anastaafu Juni. Hana nafasi nyingine.

Shangazi kauliza kazini nafanya nini hasa. Nikamweleza: leza inapiga jiwe, jiwe linatoa mvuke, mashine inapima uzito wa kila chembe. Tunatafuta dalili za vijidudu huko angani. Akasema jikoni kwake wamejaa, nianzie hapo.

Jumatano, 5 Machi
Jiwe namba nne! Mafuta — yale ambayo viumbe hai hutengeneza. Mawe mengine manne kimya. Bosi alinishika bega. Kisha akakaa kuandika ripoti papo hapo, hata chai hakugusa.

Alhamisi, 6 Machi
Sina raha. Kabla ya kila jiwe tunapiga kwanza sahani tupu, ile inayolibeba, kuhakikisha ni safi. Jana kwa namba nne sikupiga. Leza ilishapata moto, Bosi amesimama nyuma yangu. Nikaweka tu alama ya vema kwenye daftari la maabara, kana kwamba nimepiga. Mkono umezoea.

Leo mchana, wenzangu wakiwa kwenye chakula, nimeipiga sahani ile. Mafuta yaleyale.

Huenda ni ya jiwe, yamebaki hapo tangu jana. Huenda ni ya mikono yangu. Hakuna wa kujua tena, maana kipande chenyewe cha jiwe tumekiunguza chote. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Ripoti inatumwa saa tano. Saa tatu na nusu nimeingia kwa Bosi, nikasema yote nikiwa nimesimama. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza moja tu:

"Nani mwingine anajua?"

Nikasema hakuna.

Akainuka, akafunga mlango, akanivutia kiti.

Tumekaa hivi karibu saa nzima. Anasoma ripoti yake mwenyewe kuanzia ukurasa wa kwanza. Mimi naandika hapa. Katibu amegonga, anauliza kama aitume. Ameambiwa asubiri kidogo.

Saa nne na nusu. Bosi amelifungua daftari la maabara ukurasa wa Jumatano, penye ile alama yangu ya vema, amelisukuma upande wangu, kalamu juu yake. Hajasema niandike nini —