Mbuzi Niliowanunua kwa Sababu ya Mbwa

Kasongo, Manyema

Kwa mama yangu Mwanakombo, Pangani.

Shikamoo mama. Mimi mwanao Faki ni mzima, homa imeniacha, na chakula tunapata. Nawe je, goti linakusumbua bado? Salamu ulizonitumia kwa midomo ya wapagazi zilinifikia Kabambare wakati wa mvua, kwamba chumba changu unakifagia kila Ijumaa na hakilali mtu. Barua hii inahusu chumba hicho, ila itabidi kwanza univumilie habari za mbuzi.

Nimepanga vyumba viwili vya uani kwa Mwalimu Rajabu, mtu wa Mrima kama sisi, anayesomesha watoto hapa. Kodi namlipa kwa sindano. Kanzu na kofia zake zote nashona mimi, nimekaa barazani kwake. Ni mtu mwema lakini ana masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba mbwa asiingie nyumbani mwake. Nilikubali bila kufikiri, maana sikuwa na mbwa.

Kisha nikamwoa Feza. Usishtuke, mama, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufungisha ndoa. Feza ni Mbangubangu wa upande wa Kabambare. Kijiji chao hakipo tena, na waliopita pale na bunduki walisema lugha yetu, kwa hiyo sikumuuliza mengi. Alichokuja nacho ni mbwa wa marehemu baba yake, mbwa wa kuwinda, mwekundu, mkia umejikunja. Mbwa wa huku hawabweki. Wawindaji huwafunga shingoni kengele ya mti ili wajue walipo, na wasipotaka isikike huijaza majani. Feza aliijaza majani, na mbwa akakaa nasi siku nyingi, Mwalimu hana habari.

Alijulikana kwa sababu ya kiu. Asubuhi moja alikwenda akalamba kata ya Mwalimu ya kutawadhia, na Mwalimu mwenyewe amesimama palepale. Kata ikaoshwa mara saba, moja kwa udongo, halafu nikaitwa mimi. Hakunifokea. Aliniambia mbwa aondoke kabla ya Ijumaa, au tuondoke sote.

Nikampelekea Feza maneno hayo. Alikuwa anatwanga mpunga, na hakuacha kutwanga.

"Baba aliniachia hii mbwa," akasema. "Kama inaenda, miye pia naenda."

Nikamuuliza atakwenda wapi. Akasema hajui. Nilimwamini, mama, na niliogopa.

Kwa kukaa barazani na sindano yangu, masomo ya watoto nimeyasikia mpaka nimeyashika. Mbwa wanaoruhusiwa kufugwa ni wa kuwinda, wa shamba na wa mifugo. Kuwinda siwindi, na shamba sina. Nikamwendea Mwalimu, nikamuuliza mbwa anayelinda mifugo hukumu yake nini. Alinitazama kidogo, akajua ninakoelekea.

"Huyo ana ruhusa," akasema. "Lakini mifugo yako iko wapi, Faki?"

Alhamisi nikaenda sokoni na majora ya kitambaa cha marekani niliyoyaweka kwa ajili ya safari ya kurudi, yale ambayo mtu hununulia chakula njiani. Nikarudi na mbuzi. Ni mbuzi wafupi wa huku, wenye matumbo makubwa. Niliwapitisha mbele ya baraza polepole ili Mwalimu awaone vizuri. Aliwatazama mpaka wa mwisho, kisha akaendelea kusomesha.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Kwa sababu ya chui mbuzi hawalali nje, wanalala nasi ndani, na mmoja hupenda kusimama kitandani. Wamekula nyasi za paa upande wa uani, wakala na mkeka wa Mwalimu, nikamtafutia mwingine. Mkewe hulalamika harufu, halafu huja na kikapu kuomba mavi yao kwa ajili ya vitunguu vyake. Mbwa mwenyewe halindi kitu. Hujilaza katikati yao apate joto. Siku moja Mwalimu aliniambia, wala hakucheka, kwamba hajaona mbwa anayelindwa vizuri na mbuzi kama huyu.

Sasa msafara wa pwani unafunga mizigo, na kiongozi wake alikuja kuniuliza kama nimo. Nilifungua kasha langu. Nguo ya njia haimo. Iko uani inacheua. Nikamwambia simo. Nilingoja huzuni ije, haikuja, na hilo likanitia hofu zaidi. Imekuja leo, nilipoandika juu ya goti lako.

Basi mama, usinitazamie mwaka huu, na wa mbele sikuahidi. Nisalimie dada mkubwa na wanawe, na mjomba aliyenifundisha kushona. Mwambie mshono wake wa kola umependwa Manyema. Feza anakuamkia, na anauliza huko kwetu mbwa wanalala wapi. Sijamjibu.

Chumba changu kipangishe, kisikae kitupu. Na akija mtu wa mbali na mnyama wake, usimwambie amwache nje.

Ni mimi mwanao,
Faki, mshona kanzu