Ulimi wa Guka Mbele ya Mkwewe

Wambui wangu,

Bwana asifiwe huko chuo cha udaktari. Sisi hapa Kiganjo tuko wazima, na ng'ombe mweusi amezaa.

Unauliza kwa nini yule mzee wa kiharusi alikataa kukutolea ulimi ulipompima, huku mke wa mwanawe akiwa hapo akimshika mkono. Ngoja nikuambie ya guka wako, babu yako huyu mume wangu.

Siku alipougua, mimi na mama yangu tulimkimbiza hospitali. Daktari akamwambia, "Mzee, inua nyusi." Akainua zote mbili. "Nionyeshe meno." Guka akageuza uso. "Toa ulimi." Akafunga mdomo kabisa! Daktari akaanza kuandika kwamba mgonjwa haelewi.

Ndipo nikakumbuka mama yangu amesimama pale. Mwanamume gani kwetu atamtolea mama mkwe ulimi? Nikamwomba atoke kidogo. Akatoka akinong'ona, "Ati hata akiwa mgonjwa ananiheshimu!"

Hapo guka akatii. Mdomo ukavutika upande mmoja, ulimi ukapinda. Daktari akaruka: "Paji la uso liko sawa, huku chini kumelegea. Hii imetoka kwa ubongo. Haraka!" Wakamuwahi, na Mungu akatuachia yeye.

Kwa hivyo usijilaumu, mjukuu wangu. Rudi kwa mzee wako, lakini kwanza umwombe yule mke wa mwanawe atoke.

Nimemsomea guka barua yako, akacheka sana. Kicheko chake bado kinapinda kidogo upande wa kushoto, na mimi kila nikikiona nashukuru.

Shosho wako