Ubani kwenye Mbaazi

Mambrui,
Alhamisi, baada ya Magharibi

Kwa dada yangu mpenzi Shekha,

Assalam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto huko Mariakani, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Ubani uliotuma umefika salama, na Baba ameupokea kwa mikono miwili.

Umenitaka nikuandikie hali ya Baba kwa kituo, kwa sababu kwenye simu yeye hukaa karibu na kunikatiza. Umesema pia kwamba Ramadhani ikiisha utakuja umchukue akae kwako, kwani mzee wa umri wake hafai kuchutama mbele ya majiko ya watalii. Basi keti, nikupe habari za Marafa.

Linet, yule mama wa Nairobi anayewaleta wageni kupiga kambi kando ya korongo la huko, bado humwita Baba awapikie. Mimi hufuatana naye kukuna nazi, kuosha vyombo na kugombana naye, na hiyo ya mwisho ndiyo kazi kubwa. Majiko ni yale madogo ya bati yanayokunjwa miguu, na Baba hakubali yote yatiwe makaa ya gunia moja. Ya kuchomea nyama lazima yawe ya mti mgumu, yashike upesi na kuwa mekundu kote. Ya mchuzi anataka yale ya vifuu vya nazi, yaliyosagwa na kufinyangwa, kwa kuwa huwaka polepole na chakula hutokota bila kushika chini. Ukienda naye Malindi kununua makaa, usitarajie kurudi mapema. Huchukua vipande viwili akavigonganisha karibu na sikio. Vikilia kavu, amevipenda. Vikitoa mlio mzito, husema havikuiva, vitatoa moshi, na gunia zima analikataa. Muuzaji hununa, mimi naona haya, yeye hana habari. Zamani alikuwa akiyanusa tu. Huku kugonganisha kumeanza mwaka huu, nami nikadhani ni madaha ya uzee.

Jumamosi iliyopita alikuwa akipika mbaazi za nazi. Unajua anavyobana matumizi. Kila Alhamisi akishamfukizia Mama ubani chumbani mwake, kama alivyofanya tangu tulipomzika, makaa yanayobaki kwenye chetezo huyazima na kuyaweka kwenye mkebe, yatumike tena kwa ubani. Siku hiyo kwa haraka aliubeba mkebe huo kwenda Marafa, akidhani ni ule wa makaa ya kuwashia. Nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Niliporudi harufu ilinipokea njiani, nikajua papo hapo. Ubani ulioganda kwenye yale makaa ulikuwa ukifuka kuzunguka sufuria, na sufuria iko wazi ili tui lisikatike.

Tsuma, yule Mgiriama anayewatembeza wageni korongoni, alivua kofia akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka. Linet akasema panamkumbusha kanisani kwao siku ya Pasaka. Wageni, Mungu awabariki, walikula zile mbaazi na kuuliza jina la kiungo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamwangalia Baba. Moshi ulikuwa ukimpita usoni, naye anakoroga kwa utulivu na kuniuliza kilichonichekesha ni nini. Hapo kicheko kikaniishia, Dada.

Tulipokuwa tukisugua masufuria nyuma ya hema nikambana. Mwanzo alikasirika, kisha akaniambia. Tangu ile homa kali ya mwaka jana hanusi kitu. Hanusi moshi, hanusi nyama inayoungua, hanusi hata iliki kwenye chai. Makaa anayachagua kwa sikio, na mchuzi anausikiliza unavyotokota. Aliniapisha nisikwambie, kwa kuwa anajua ukisikia hutangoja hata Ramadhani. Nikaapa. Leo nimevunja kiapo, na mtanisamehe nyote wawili.

Nilimuuliza kwa nini basi anaendelea kufukiza ubani asioweza kuunusa. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kijinga. Akasema ubani ni wa Mama, si wake yeye. Kinachomsumbua ni kimoja tu, kwamba hajui kama umeenea chumbani, kwa hiyo huongeza na kuongeza mpaka macho yamuwashe. Nililia pale pale, mikono yangu imejaa masizi.

Nakuomba, Dada, usimchukue. Huko kwako atakaa kwenye kiti kizuri akingoja kuletewa chakula asichokinusa. Hapa ana majiko yake, ana wauza makaa wa kugombana nao, na pua atatumia yangu. Tumekwisha kuanza. Jana sokoni aligonganisha vipande sikioni mwake, kisha akanisogezea ninuse. Mimi nikasema ni vizuri, yeye akasema ni vibaya, na bila shaka tukafuata sikio lake. Ile mikebe miwili sasa iko mbalimbali.

Nakuandikia nikiwa barazani, chini ya dirisha la Mama. Sasa hivi Baba ametia ubani wako kwenye chetezo, na kabla ya kuongeza punje nyingine ameniita kwa ndani akaniuliza kama umefika. Nimemwambia umeenea chumba chote na umenifikia hata mimi huku nje. Nimesikia akifunga kifuniko cha kopo la ubani.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu. Ukija, karibu, lakini uje na njaa, ukae ule mapishi ya mkono wake kabla hujasema neno.

Wako mdogo,
Afiya