Kwa Kaka Lusajo, Juu ya Maji na Dizeli

Matema, Jumapili baada ya ibada

Kaka Lusajo,

Umelala kwenye migomba ya baba tangu masika, na jana kijiji kimeamua. Nilisubiri uamuzi ndipo nikuandikie. Katika shajara yangu kurasa za kifo chako nimeziacha tupu. Kila nilipoandika tarehe, niliishia hapo.

Nianze na mto, maana wewe hukuona mto huo ulivyotutenda. Mlima ulinguruma kwa mafuriko, nawe ukaingia kwenye mfereji unaopeleka maji mashineni kufunga lango ili mawe yasiivunje mashine ya umeme. Nilikuita. Ukacheka: "Atupele, mashine ikifa tutakoboa mpunga kwa meno?" Gogo likashuka, likakubana kwenye lango lenyewe. Mto ukakuponda kwa mawe mbele yetu, sisi tumeshika kamba isiyokufikia. Tulipokutoa, wazee walimkataza wifi Sekela asiuone uso wa mumewe. Aliwasukuma wanaume wawili wakaanguka, akauona.

Siku ya mazishi vijana walikuchezea ngoma wakiwa na mikuki, kama anavyochezewa mwanamume aliyekufa na nguvu zake. Ngoma ikapanda. Ghafla ikaliacha kaburi, ikateremka mtoni, matope yakiruka mpaka vifuani. Walimtaka adui, na aliyekuua hakuwa na damu ya kumwagwa. Mbele yao alikimbia wifi na shoka la kuni. Akalipiga jenereta, akayapiga mabomba, akaupiga ukuta mpaka mpini ukakatika. Akaendelea kwa mikono. Sikumzuia, kaka. Niliokota jiwe, nami nikapiga.

Tangu hapo ni giza. Friji ya zahanati imezima, chanjo zimeharibika. Mpunga umejaa ghalani na sisi wanawake tunatwanga mpaka viganja vinachubuka. Kamati ya kijiji ikaniambia nipime upya njia zote za kupata umeme, kama tulivyopima wewe na mimi mezani kwa baba, ukinyonya kakao mbichi na kutemea mbegu juu ya karatasi zangu.

Gridi ya taifa: tumeahidiwa nguzo tangu hatujamaliza shule, na hata wenzetu wa Mbeya walio nayo wanakaa kwenye mgao. Dizeli: siku hizi biashara ya mafuta imefunguliwa kwa kila mtu, na Mzee Shabani wa Kyela mjini yuko tayari kutuletea injini. Kuinunua ni nafuu, kuilisha ndiyo kazi. Nikamuuliza, barabara ikikatika masika je? Akanijibu bila kuficha, "Mwanangu, mimi nauza mafuta, siuzi barabara." Nasi mpunga wetu huiva masika hayajaisha. Halafu usisahau injini yetu ya dizeli ya zamani, jinsi mkanda ulivyomng'oa Mzee Asajile mkono begani. Maji je? Hayanunuliwi, yana nguvu wakati wa mavuno, hulegea kiangazi. Na yamekuua.

Niliyasema hayo mkutanoni jana. Sikumaliza. Kijana mmoja wa Ikolo alipaza sauti, "Dada, tupigie kwanza hesabu ya kaka yako!" Mwingine akamwambia afunge bakuli lake. Kigoda kikaruka, ngumi zikafuata, mwenyekiti akapasuka mdomo. Nikapanda juu ya benchi nikapiga kelele mpaka koo likauma. Nikawaambia hesabu ya kaka yangu ni hii: tulipima mabomba, tukapima mafuta na barabara, lakini hakuna aliyeuliza, wala fundi aliyetufungia mashine, mafuriko yakija nani ataingia mtoni kufunga lango. Mtu huyo tulimhesabu bure.

Wakaachiana mashati. Wifi Sekela akasimama. Mikono yake bado ina makovu ya siku ile. Nilidhani atatulaani, na kama angesema dizeli, ningeandika dizeli.

"Maji yarudi," akasema. "Mume wangu aliyapenda, na mimi nimechoka kutwanga. Lakini lango lifungwe kwa waya wa kuvuta, mtu akiwa amesimama juu ukingoni. Waya ukikwama, mashine ife. Nitakayemwona anaingia mferejini kuiokoa, nitamvunja miguu mimi, kabla mto haujamvunja."

Mzee Asajile akainua mkono wake mmoja. "Mimi naunga mkono," akasema, "huu huu niliobaki nao." Watu wakacheka, hata waliokuwa wanafuta damu. Kisha mikono ikainuka yote.

Ndaga fijo, asante sana, kaka, kwa kila ulichonifundisha, isipokuwa hilo la mwisho, la kuingia mferejini kuiokoa mashine. Hilo nalikataa. Waya wa lango nimekabidhiwa mimi. Nakuahidi: siku mto utakapoitaka mashine tena na waya ukashindwa, nitawazuia wote ukingoni, kwa fimbo ikibidi, na tutasimama pale tuitazame ikivunjika.

Lala salama.

Mdogo wako,
Atupele