Kiboko Kati ya Hema na Ziwa

Jumapili, 17 Agosti 2025. Kisumu. Mawingu tangu asubuhi, mvua imekataa. Huu ni mwaka wa kumi na nane tangu niondoke mji huu.

Ninaandika katika chumba ambacho mwanangu Kamau amenijengea nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Mamboleo. Kitanda kipya, rafu ya vitabu, dirisha linalotazama mgomba. Anataka nihame Nyeri nije kuishi humu. Anasubiri jibu jioni hii, na ili jibu liwe ndiyo, jana alinipeleka kupiga kambi Kisiwa cha Ndere tuone wanyama. Alidhani ziwa litanibembeleza.

Wanyama nimewaona. Jioni swala pala walishuka kunywa maji wawili wawili, wengine wakibaki wameinua shingo. Viboko walikuwa majini, migongo nje kama mawe yaliyooshwa. Kenge alipita karibu na kiatu changu. Kamau alinitazama mimi zaidi kuliko alivyowatazama wanyama.

Mimi nilitazama yote kama mtu anayetazama marobota ya nguo za wenzake yakipakuliwa. Mazuri, lakini si yangu.

Omondi, mwenye boti iliyotuvusha, alikuwa akikaanga samaki huku akipiga soga na askari wa mbuga kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo wa hapa. Walikuwa wakinisema mimi. Omondi alisema huyu mzee amekumbatia begi lake kana kwamba kiboko atatoka majini kumwibia. Askari akasema mwache, pengine humo amebeba mke wa pili. Nilielewa kila neno. Nilikula samaki wangu, nikaomba chumvi kwa Kiswahili.

Niliuza mitumba soko la Kibuye, hapa Kisumu, miaka ishirini na mitatu. Nilivutana bei kwa Dholuo, nikatania, nikazika majirani. Kamau alilelewa na nyanya yake Nyeri, kwa hiyo hakuwahi kunisikia. Alidhani nimeisahau lugha hiyo, nami sikumsahihisha.

Halafu ikaja Januari ile ya baada ya uchaguzi. Vijana walikuwa wamepanga mawe barabarani, wakimuuliza kila mtu kwa Dholuo anatoka wapi, wakiwasaka Wakikuyu kama mimi. Nilijibu. Nikaongeza na utani: nikamwambia mmoja wao suruali ile imembana, aje kibandani nimtafutie ya saizi yake. Walicheka. Wakanipisha, mmoja akiniita Baba.

Mtu aliyekuwa nyuma yangu hakujua kujibu kwa Dholuo. Kilio chake nilikisikia bila kugeuka.

Tangu siku hiyo sikuitumia lugha hiyo tena, mpaka leo.

Leo alfajiri nilikuwa nimeketi nje ya hema na kikombe cha chai. Kamau aliteremka ziwani kunawa uso, mswaki mdomoni. Kiboko alikuwa akirudi kutoka malishoni. Alitokeza kichakani nyuma ya Kamau, naye Kamau akawa amesimama kati ya mnyama na maji. Hapo ndipo mtu huuawa. Omondi, aliyekuwa ndani ya boti, alimwona kwanza, na kwa hofu akapiga kelele kwa lugha ya mama yake: rao, rao, kiboko huyo, usiingie majini, kimbilia mawe ya kushoto. Kamau alimpungia mkono, akidhani anasalimiwa.

Nilisimama. Nilimpigia Kamau kelele kwa Kikuyu apande mawe ya kushoto, na Omondi nikamwambia kwa Dholuo asiwashe injini, isije ikamshtua mnyama. Kamau alipanda. Kiboko akapita, mzito, bila haraka, akaingia ziwani.

Chai haikumwagika.

Omondi alikuja mbio, kisha akasimama akinikagua. "Mzee, kumbe jana ulikuwa unatusikia?"

"Yote. Hata ya mke wa pili," nikamjibu kwa Dholuo.

Alicheka mpaka akainama. "Basi wewe ni wa hapa. Rudi nyumbani, Baba."

Kamau alikuwa bado na povu la dawa ya meno kidevuni. Furaha ilimjaa usoni, furaha ya mtu aliyekwisha kupata jibu lake. "Baba, lugha bado unayo. Hutakuwa mgeni hapa."

Kicheko cha Omondi kilikuwa cha mtu mwema. Najua hivyo. Lakini nilikuwa nimemchekesha kwa sauti ileile ya barabarani, na alipoanza kucheka nilijikuta nikisikiliza nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na hema.

Miaka ishirini na mitatu ya maneno, na katika yote imebaki siku moja.

Tulirudi mchana. Njiani Kamau alizungumzia mapazia. Nilisema ya kijani yanafaa, kwa sababu aliuliza.

Sasa ananiita mezani. Chumba ni kizuri, na nitamwambia hivyo kwanza. Krismasi atakuja Nyeri na watoto kama kawaida, nami nitamchinjia mbuzi.

Mimi sitarudi Kisumu.