Debe Moja la Bi Zuhura

Bondeni, Mombasa

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nakushika miguu, na natumai nyote huko Lamu hamjambo, na kifua cha Mama kimepoa. Mimi na Shangazi tu wazima.

Mwalimu wetu wa jiografia alitutuma kupima maji, kila mmoja mtaani kwake. Majedwali yetu yatapelekwa baraza la mji, linalotafuta mahali pa kuweka mfereji mpya wa maji ya bomba, wa watu wote. Nilifanya kama ufanyavyo wewe ukisafisha visima: nikatumbukiza kamba ya mafundo katika kisima chetu cha mtaa, ikatoka imelowa mafundo saba. Kisha nikahesabu madebe yanayoingia kila nyumba. Kwa Bi Zuhura, jirani aliyefiwa na mumewe, huingia debe moja tu kwa siku. Nikaandika: “Hahitaji maji mengi.”

Shangazi alisoma huku akikaanga mahamri, akacheka.

“Kisima kimejaa, haya. Na Bi Zuhura yumo edani, hatoki mlangoni. Maji yatamfuata kwa miguu yao?”

Kumbe marehemu ndiye aliyekuwa akimtekea. Sasa kofia anazoshona zatosha kumlipa mchukuzi debe hilo moja.

Nilikwenda kwake kwa haya nyingi.

“Umekuja kunihesabu, mwanafunzi?” akasema. “Niko mmoja, andika.”

Nilikaa mpaka adhuhuri. Alitia udhu kwa kata moja, na halikupotea tone. Maji aliyooshea mchele yakaosha sahani, kisha yakaenda kwenye mche wa asumini. Sijaona mwenye akili ya maji kama yeye, na utanisamehe, Baba, nawe nimekuhesabu.

Wajua nisivyoweza kusema mbele za watu. Lakini zamu yangu ilipofika darasani nilisimama nikasema jedwali langu lina kosa, na kama baraza litalifuata, mfereji utawekwa mbali na anayeuhitaji zaidi. Mwalimu akaturudisha sote mitaani, tuulize kila nyumba nani huteka na nani hawezi. Mfereji utawekwa wapi, bado hatujui.

Nisalimie Mama, Bibi, na Kaka na msumeno wake.

Eda imebakia miezi miwili. Madebe ya Bi Zuhura sasa ni mawili; la pili nalibeba mimi kabla ya shule. Basi usinikemee kwa hati hii mbaya, debe nimelitua sasa hivi.

Mwanao,
Mwanaisha