Bega la Rubani

Kaka Shee,

Salamu kutoka Tanga, ambako mvua haijakatika tangu Jumatatu. Leseni yangu ya Kenya hatimaye imekubaliwa huku, na leo abiria wangu wa kwanza alikuwa maiti, mzee wa Raskazone aliyekuwa akirudishwa kwao Pemba kuzikwa. Wanaume walilibeba jeneza wakipokezana mpaka chini ya bawa la ndege. Hapo mlinzi akawazuia, akapita mdogo wa marehemu peke yake.

Akaketi nyuma yangu. "Rubani, umetawadha?"

"Nimetawadha."

"Basi wenzangu wamebaki. Sasa mbebaji ni wewe." Akaniwekea mkono begani. Tulipokuwa juu ya bahari wingu likatutikisa vibaya, lakini mkono ule haukuondoka mpaka magurudumu yalipogusa Pemba.

Msalimie sana mama, umwambie pweza wa huku hamfikii pweza wake. Nawe kaka, nijibu jambo moja tu. Siku mlipomzika baba, nami nimekwama huku nikiingojea leseni hiihii, zamu yangu chini ya jeneza aliishika nani?

Nduguyo akupendaye,
Omari